Kiti cha kwenda Goma: tumpe nani pesa yetu?



Likizo kubwa inakaribia, mvua zinapungua, na kila tukikutana kisimani au kwenye mlango wa kanisa swali ni lilelile: "Mwalimu, safari hii tushike nafasi kwa nani?" Hawaulizi juu ya safari ya matembezi. Wanauliza juu ya kupeleka mtoto hospitali Goma, kufuata vikwembe Bukavu, kumrudisha kijana masomoni Kisangani, kwenda kwenye kilio. Pesa yenyewe ni ile ya maharagi na ya fromaji, imehesabiwa mara tatu mbele ya kufungwa kwenye pembe ya kikwembe. Basi wiki hii ukurasa wetu uwe wa hilo.

Tuanze na jambo lililotuuma sisi wenyewe.

Mama mmoja wa kikundi chetu ana mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda. Mwezi wa tatu mtoto alikuwa na miezi minne, na hospitali moja ya Goma ilikuwa imeanza kumfunga plasta. Aliyepita njia hiyo anajua kazi yake: plasta inabadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi, na kila mara daktari ananyoosha mguu kidogo tu. Ukichelewa, kazi inaweza kurudi nyuma. Mama alikuwa anakaa Goma kwa dada yake wakati wa matunzo hayo. Akafiwa na mama mkwe. Akapanda kuja Masisi kuzika, siku tatu tu, na randevu yake ilikuwa siku ya pili asubuhi.

Siku ya Mungu jioni akapata namba ya simu kwa rafiki ya rafiki. Kijana aliyepokea alisema jeep itatoka kesho saa kumi na moja alfajiri, kiti cha mbele kimebaki kimoja, na watu wawili wamekwisha kukiulizia. "Mama, tuma upesi." Mama akatuma dola 20, alizokopa jioni ileile kwenye sanduku la kijani la MUSO yetu. Alfajiri alikuwa kwenye parkingi, mtoto mgongoni. Jeep ilikuwepo kweli, lakini imejaa. Dereva hakumjua kijana yule, na simu ya kijana ilikuwa imefungwa.

Siku ile na kesho yake hakuna gari lingine lililotoka, kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Siku ya tatu alipanda moto kwa deni la pili. Mvua iliwakuta mbele ya Sake, hakuna pa kujificha. Plasta ililowa, ikalegea, mguu ukateleza ndani. Daktari alipoitoa alitazama, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mama kwamba hesabu inaanza upya.

Siku ya posho tulikaa kikao. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba mwenzetu alikosa akili. Hapo tukaomba kila mmoja aseme kweli: nani kati yetu hajawahi kutuma pesa ya safari kwa mtu asiyemwona? Tulikuwa wamama kumi na tisa. Kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufanya hivyo, wengine zaidi ya mara moja. Basi hasira ikatoka kwa mwenzetu ikarudi kwetu sote. Tulibishana mpaka giza kama sanduku jekundu, lile la kusaidiana, lilipe deni lake la sanduku la kijani. Mwishowe jekundu lililipa nusu. Hata leo wako wanaonuna, na tunawaelewa. Sanduku jekundu lilikuwa limewekewa matanga na uzazi, si wezi wa simu.

Tangu hapo tulianza kutafuta: mama mwenye pesa kidogo ashike nafasi yake wapi?

Kijana mmoja tuliyemfundisha, leo anasoma Goma, alituletea simu yake akatuonyesha Booking.com, ile tovuti iliyoanzia Uholanzi mwaka wa 1996 na ambayo sasa inashikia watu vyumba dunia nzima. Akaandika Goma. Picha zikatoka: vitanda vyeupe, ziwa dirishani, maji ya moto. Bei ya usiku mmoja katika hoteli ya kwanza ilikuwa karibu na mshahara wetu wa mwezi. Tulicheka. Tukatazama hoteli ya pili, tukaacha kucheka. Tena mara nyingi wanadai karte ya benki, na kwetu karte ambayo mama anayo ni ya uchaguzi na ya kupima mtoto.

Hata hivyo tusiitupe kabisa. Tovuti kama hiyo tunaweza kuisoma kama gazeti bila kununua kitu. Wageni waliolala pale wanaandika kama maji yalikuwepo, kama mlango unafungwa vizuri, kama kelele za baa zinaingia chumbani. Na jina la nyumba ukishalipata, unaweza kutafuta namba yake ukapiga mwenyewe. Tovuti inakata asilimia yake kwa mwenye hoteli kwa kila chumba, kwa hiyo anayepiga moja kwa moja ana nafasi ya kuomba apunguziwe. Haikubaliwi kila mara, lakini kuuliza ni bure.

Dada mmoja wa kwetu aliyehamia Nairobi alitueleza namna wanavyosafiri kule kwenda Mombasa na treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka wa 2017. Unaweza kubonyeza *639# hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, unachagua siku, unalipa kwa M-Pesa, unapata namba ya behewa na ya kiti. Siku ya safari unaonyesha kitambulisho chako. Huko Gisenyi pia, wenzetu wanaovuka mpaka wanajua, basi za Kigali zinauzwa dirishani kwa saa, na tiketi inaandikwa. Tulipomsikiliza dada yule tulitazamana. Kinachomlinda si ile simu. Kiti chake kina namba, namba ina jina, na yuko mtu wa kuulizwa kama jina halikupata kiti. Yule kijana wetu hakuwa na hata kimoja cha hivyo vitatu.

Basi tuliporudi kwenye parkingi zetu tulitafuta hivyo vitatu, tukitumia vyombo tulivyonavyo.

Kwenye parkingi kuna watu wa namna tatu wanaoweza kukuuzia nafasi. Kuna ajansi yenye meza, daftari na mtu anayekaa palepale kila siku. Kuna dereva mwenyewe, au konvoyeri wake. Na kuna komisioneri, vijana wanaoita wasafiri na kuwakokota mikono na mizigo. Hatusemi komisioneri wote ni wabaya; wengi wanatafutia watoto wao chakula, na tumewafundisha baadhi yao kusoma. Lakini komisioneri hana gari. Anauza kiti cha mtu mwingine. Ukimlipa yeye, mwenye gari hajakuahidi kitu, na gari likijaa hana kosa la kukuacha.

Kwa hiyo siku hizi tunafanya hivi. Mmoja wetu anakwenda parkingi jana yake, mchana, bila mizigo. Mtu asiye na mizigo hana haraka, na anayeuza anajua hilo. Anauliza gari liko wapi. Gari lisiloonekana hatulipii. Anatazama plaki, anaandika namba yake na jina la dereva. Kisha anatoa avansi tu, si bei nzima, na anaomba karatasi: jina la msafiri, tarehe, pesa iliyotolewa, pesa iliyobaki, namba ya plaki, sahihi. Karatasi ikiwa ya daftari la mtoto si neno, sahihi ndiyo tunayoitaka. Pesa iliyobaki inalipwa mtu akiwa amekaa, na wako madereva wanaokubali kiasi kidogo kibaki mpaka kufika. Mara ya kwanza walituona wamama wenye maneno mengi. Mara ya tatu walianza kuandika wenyewe mbele hatujaomba.

Mtoto wa kupakata anazungumziwa hapohapo. Atalipa au hatalipa? Na mzigo je, kilo ngapi ziko ndani ya bei? Tumeona mama aliyeshushwa Mushaki kwa ubishi wa gunia moja la viazi. Kuna tena jambo la noti. Uliza kama bei ni ya dola au ya franka, na kama ni franka, dola wanaihesabu kwa kiasi gani. Dola iliyopasuka ncha au ya zamani itakataliwa, hata kama wewe ulipewa sokoni ikakubaliwa. Itazame nyumbani, si mbele ya konvoyeri gari linanguruma.

Njia ya kutuma pesa kwa simu haiepukiki, tunajua. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, noti za mkononi zimekuwa shida na wengi wanaishi kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money. Hapo tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, tuma kwanza kidogo sana, franka mia tano, kisha soma ujumbe unaorudi: jina la aliyepokea limeandikwa. Kama ulizungumza na dereva Fulani na jina lililotoka ni la mtu mwingine, simamisha, uliza. Anayekuambia "ni simu ya mdogo wangu" huenda anasema kweli. Lakini basi dola 20 zingoje mpaka umwone. La pili, usifute ujumbe ule. Mama yetu aliufuta kwa hasira siku ileile, na tulipotaka kufuatilia hatukuwa na namba, tarehe wala saa ya kuonyesha. Tena hesabu makato ya kutoa pesa. Mtu akikutumia dola 30 za safari, usidhani zitafika mkononi dola 30.

Kwenye ziwa, jambo la jina ni zito kuliko la kiti.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024 boti Merdi ilitoka Minova, ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Wengi wetu tuliona video ile kwenye simu. Wengine tulitafuta ndani yake sura za jamaa. Wakati ule barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, na watu wa Masisi wa upande ule walikuwa wanapita Minova kuingia Goma kwa maji. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa, na kwa siku nyingi hesabu za viongozi hazikupatana: waliopanda ni wangapi, waliokufa ni wangapi. Kuna familia zilizokwenda kando ya maji na kwenye vyumba vya maiti kutafuta mtu.

Msiba ule haukuwa wa kwanza. Mwezi wa nne 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi alitaja watu 150 waliokuwa hawajaonekana. Baadaye aliagiza kila msafiri wa ziwani avae jile. Agizo ni jema, lakini jile linalokaa chini ya benchi limefungwa kwa kamba halimwokoi mtu.

Kwa hiyo unapochagua boti ya Goma na Bukavu au ya Minova, usianze na bei. Kuna boti za haraka zinazochukua masaa machache, kuna meli kubwa zinazosafiri usiku kucha kwa bei ndogo, na kuna mitumbwi ya mota inayopita kila mahali. Zile zenye ofisi zinauza tiketi yenye jina lako, na jina linaingia kwenye orodha ya wasafiri. Hiyo orodha ndiyo tunayoilipia. Mwambie anayeuza akuandike jina lako lote, na la mtoto hata kama hakulipa. Kuna wamama wanaotoa jina la uongo au wanapanda na tiketi ya mwingine ili wapunguze dola mbili. Tafadhali. Kama jambo likitokea, bwana yako na watoto watasoma orodha ile wakitafuta jina lako.

Na ukifika bandarini ukaona maji yanakaribia ukingo wa boti, au watu wamesimama mpaka juu ya mizigo, shuka. Tiketi imepotea, tunajua inauma. Kwenye kikundi chetu tumekubaliana kwamba mama aliyeshuka kwa sababu hiyo hatalipa deni la tiketi ile. Sanduku jekundu litalipa, na safari hii hakuna aliyenuna.

Wamama wa Walikale watasema sasa: "Nyinyi mnazungumza juu ya ajansi na ofisi, sisi tuna msitu." Ni haki yao. Teritwari ya Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi, na barabara zake mnazijua. Zamani mwenye pesa aliweza kupanda ndege ndogo Goma ikamtua Kilambo, mahali ambapo barabara yenyewe ndiyo uwanja. Lakini uwanja wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, na mama hawezi kuipangia safari yake ndege ya namna hiyo. Imebaki barabara: kwenda Kisangani kupitia Lubutu, kwenda Bukavu kupitia Hombo na Bunyakiri ukikata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, au kupanda Masisi kupitia Kibua na Nyabiondo njia ikiruhusu.

Kwenye njia kama hizo ushauri wetu ni mmoja: msilipe safari nzima kwa mtu mmoja. Motari wa Walikale anayekuahidi kukufikisha Bukavu kwa bei moja huenda atakuuza kwa mwenzake Hombo, na mwenzake atakudai tena. Lipia kipande kimoja, fika, lipa, shika kingine. Bei ikijumlishwa inaweza kuzidi kidogo ile ya kuahidiwa, lakini hakuna kipande ambacho utalipa mara mbili. Na ujue mbele ya kuondoka utalala kwa nani katikati. Wenzetu wa Mubi wana desturi nzuri: barua fupi ya mchungaji au ya mwenyekiti wa kikundi cha wamama, yenye muhuri, kwa kikundi cha mahali utakapolala. Hakuna tovuti inayoshika chumba Hombo vizuri kuliko barua ile.

Hata mjini, tunaanza na nyumba za wageni za parokia na za makanisa ya Kiprotestanti mbele ya loji za kandokando ya parkingi. Bei si kila mara ndogo zaidi. Lakini mlango unafungwa saa inayojulikana, yuko mtu wa usiku, na mama anayelala na mtoto mgonjwa hasikii watu wakigonga. Piga simu siku mbili tatu mbele, taja jina lako na la aliyekutuma, uliza kama mtoto analipa, kama unaweza kupika uji, kama maji ya kuoga yako ndani ya bei. Hayo ya jamaa tunayaacha. Kila mmoja anajua shangazi gani wa Goma anapokea kwa furaha na yupi anahesabu vijiko.

Juu ya bei, ruhusuni mwalimu aandike ubaoni kidogo. Mwaka jana wawili wetu tulishuka Goma wiki moja. Mmoja alipanda juu ya mizigo ya Fuso kwa dola 5, mwingine jeep kwa dola 10. Wa Fuso alijisifu. Lakini lori lilikwama, wakalala njiani: chakula dola 3, mahali pa kulala dola 2, barieri dola 1, na moto ya kumalizia njia dola 4. Jumla 15. Wa jeep alilipa 10, barieri 1, chakula 1. Jumla 12, naye alilala kitandani. Bei hizo zilikuwa za wiki ile, msizitumie leo. Tumieni hesabu: kiti, mzigo, barieri, chakula, kulala, makato ya simu, na moto ya kutoka parkingi mpaka mlangoni. Safari yenye randevu tunaongeza siku moja nzima ya akiba. Ndiyo, siku hiyo nayo inakula pesa. Mama wa plasta angekuwa nayo, angeondoka siku ya Mungu mchana na gari lililokuwa na nafasi, badala ya kungoja la alfajiri.

Na mbele ya kutoa avansi yoyote, sikilizeni habari. Radio Okapi asubuhi, redio zetu za hapa, na zaidi ya yote mtu aliyefika jana jioni kutoka njia ileile. Ujumbe wa WhatsApp unaosema njia ni nzuri, bila tarehe na bila jina, ni kama kijana yule wa jeep.

Sasa tuje kwenye kitu tulichokianzisha, maana ndicho tunachotaka kuwaomba. Tulinunua daftari la kurasa mia, jalada la bluu, linakaa kwa karani wa kikundi. Kila mama anayerudi safarini anakuja kusema, naye karani anaandika: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, dereva au boti gani, plaki, namba ya simu iliyopokea pesa na jina lililotoka, bei waliyosema na bei aliyolipa kweli, saa waliyoahidi na saa waliyoondoka, alilala wapi. Mwisho kuna swali moja, na karani haruhusu mtu kulikwepa: ungempanda tena? Mama anajibu ndiyo au hapana. Hatuandiki matusi, na hatuonyeshi daftari kwenye parkingi. Anayetaka kusafiri anakuja kulisoma, au tunamsomea.

Mpaka leo lina safari thelathini na nne. Dereva mmoja ana "ndiyo" sita, naye hajui. Namba moja ya simu imetokea mara mbili kwa majina mawili tofauti. Tumeizungushia kalamu nyekundu. Mama wa plasta aliandikisha safari yake ya kwanza kabisa, ile mbaya, akasema isiandikwe kwa kufupisha. Ameandikisha pia nne zilizofuata. Mtoto amemaliza plasta mwezi wa tano, sasa anavaa viatu vyenye chuma, na anavilia kila jioni mpaka jirani wanajua saa.

Kinachotukosa ni njia ya Walikale: tuna safari tatu tu, zote za kwenda Hombo, hakuna hata moja ya Lubutu. Vikundi vya Njingala, Mubi na Walikale-centre, tunawaomba mtuandikie. Tuma karatasi na mwalimu yeyote anayepanda kuchukua mshahara, au na mama wa soko unayemwamini. Na wa hapa karibu ambao mmerudi wiki hii, karani yuko siku ya posho kuanzia saa nane, chini ya ukumbi wa parokia. Mje na tiketi zenu hata zikiwa zimelowa.